Ufundi wa Kumjua Nondo wa Mchangani

Kusini mwa jimbo la New Mexico, Marekani, kati ya milima ya San Andres na ile ya Sacramento, kuna matuta ya mchanga meupe pe yanayofunika karibu kilomita za mraba 710. Mchanga huo ni jasi, ileile jipsamu ambayo mafundi wetu huipandisha darini, na hakuna mahali pengine duniani penye matuta ya jasi makubwa kiasi hicho. Milima inayolizunguka bonde la Tularosa ina tabaka za jasi zilizoachwa na bahari ya kale. Mvua huiyeyusha na kuiteremsha bondeni, na kwa kuwa bonde halina mto wa kuyatoa maji, maji hukaukia papo hapo na jasi hubaki kuwa fuwele. Upepo huzivunjavunja fuwele hizo mpaka zikawa chembe, kisha huzirundika. Yapo matuta yanayosogea hadi mita 9 kwa mwaka mmoja, na eneo zima halijafikisha miaka 10,000 tangu lianze kuwa matuta. Kwa hesabu za dunia, huo ni umri wa juzi.

Humo mnaishi nondo. Mchana hutulia kwenye nyasi, kwenye vichaka vichache vilivyoshikilia mizizi, au juu ya mchanga wenyewe, na usiku hutoka. Mwenye mabawa ya kahawia akitua juu ya jasi, ndege humwona kutoka mbali. Mweupe hubaki. Mijusi ya huko nayo imepitia mkondo huohuo: spishi tatu ambazo nje ya matuta zina rangi ya udongo, ndani ya matuta zimepauka. Kwa upande wa nondo, wako wa rangi ya maziwa, wa rangi ya majivu hafifu, na wengine weupe usio na doa, ambao ukiwaona kwa haraka utaapa ni ndugu wa tumbo moja. Hawako hivyo. Kuna ambao kizazi chao kiliachana zamani sana na cha mwenzao, na weupe tu ndio umewakutanisha.

Ni hapo inapoanza kazi ya mafundi ninaotaka kuwasifu, watu wanaoitambua, kuipasua, kuieleza na kuipa jina spishi ya nondo. Ninawasifu kwa sababu ya jambo moja. Kazi yao ni kuona tofauti ambayo jicho la haraka haliioni, kisha kuuacha ushahidi wa tofauti hiyo mahali ambapo mtu yeyote, hata baada ya miaka mia, anaweza kwenda kuukagua na kusema walikosea au walipatia. Kazi nyingi za kielimu hudai uaminifu wa namna hiyo. Hii haiuachi hata kwenye lebo ya karatasi ya sentimita mbili.

Mwaka 2006 idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ilimwalika Eric Metzler, mtaalamu wa nondo, aanze utafiti wa muda mrefu katika eneo la matuta hayo, liitwalo White Sands. Wakati huo eneo lilikuwa na hadhi ya mnara wa taifa tangu 1933. Hifadhi ya taifa lilikuja kuwa Desemba 2019. Mwaka wa kwanza wa utafiti ulitoa spishi mbili ambazo sayansi haikuwa na majina yake. Maelezo yake yalitoka mwaka 2009 katika jarida la ZooKeys, Metzler akiandika pamoja na David Bustos na Gregory Forbes. Moja iliitwa Protogygia whitesandsensis, kwa jina la mahali. Nyingine iliitwa Euxoa lafontainei, kumheshimu Donald Lafontaine wa Canada, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwachambua nondo wa jenasi ya Euxoa. Baada ya hapo maelezo yaliendelea kutoka moja baada ya jingine, yakipewa namba mfululizo, na hesabu ya nondo wanaojulikana hapo ikafika mamia, wakiwemo ambao hawajapatikana penginepo.

Tuifuate kazi yenyewe tangu mwanzo wake.

Kwanza ni usiku, na usiku wenyewe huchaguliwa. Mwezi mpevu haufai, kwa sababu mwanga wake huishinda taa. Fundi huangalia kalenda, akapanga safari zake karibu na mwezi mwandamo. Upepo mkali haufai. Baridi kali haifai pia, ingawa hapa pana maelezo yake, kwa sababu ziko spishi ambazo hutoka katika miezi ya baridi peke yake, na asiyekwenda wakati huo hatazijua kamwe. Ndiyo maana mwaka mmoja hautoshi. Inabidi mtu arudi mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, mahali palepale.

Akifika, hutundika shuka jeupe na kuwasha taa yenye mwanga wa urujuanimno, ule ambao macho yetu huuona kidogo sana lakini nondo huuona vizuri. Pengine huacha mtego wa ndoo wenye taa ya betri, ukae peke yake mpaka alfajiri. Kwa miaka mingi watu walisema nondo hupenda mwanga, au huudhania kuwa ni mwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera za kasi kubwa, ulionyesha kwamba wadudu wengi warukao usiku huelekeza migongo yao upande wa mwanga. Porini upande huo ni mbinguni, kwa hiyo huwasaidia kujua wapi ni juu. Taa ikiwa ubavuni, mdudu huinama kuielekea, akainama tena, na hivyo huizunguka bila kupata njia ya kutoka. Fundi anayelijua hilo hajidanganyi kwamba shuka lake limeleta nondo wote wa eneo. Limeleta wale ambao taa imewatatiza.

Asubuhi huanza kazi ya meza. Nondo aliyekauka hawezi kufunguliwa mabawa, yatavunjika. Huwekwa kwenye kisanduku chenye unyevu mpaka viungo vilainike, lakini asikae humo kupita kiasi akaota ukungu. Kisha pini nyembamba ya chuma hupitishwa katikati ya kifua, wima kabisa, na kiwiliwili hulazwa kwenye mfereji wa ubao laini uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Bawa la mbele husukumwa kwa ncha ya sindano iliyoshika mshipa wa mbele, kamwe si katikati ya bawa, kwa sababu katikati hutoboka. Hupandishwa polepole mpaka ukingo wake wa nyuma uwe umesimama pembemraba na kiwiliwili. Bawa la nyuma hufuata mpaka ule uwazi kati ya mawili ufungike. Kipande cha karatasi laini hulazwa juu na kubanwa kwa pini pembeni, bila pini hata moja kuligusa bawa. Upande wa pili hivyo hivyo, na pande mbili ziwe sawa. Kisha husubiriwa wiki nzima au zaidi, mdudu akauke katika mkao huo.

Sababu ya uangalifu wote huo ni magamba. Rangi yote ya nondo imo ndani ya magamba madogo yaliyopangwa juu ya bawa kwa safu, kila moja likiwa na upana usiofika hata milimita moja. Kidole kikigusa, safu inafutika, na pamoja nayo alama ambayo pengine ndiyo pekee ingetenganisha spishi mbili. Mshona kofia za viua, anayehesabu tundu kwa tundu ili upande wa kushoto ulingane na wa kulia, ataielewa kazi hii kuliko mtu yeyote. Tofauti ni kwamba mshona kofia akikosea hufumua. Hapa hakuna kufumua.

Tena nondo wa matutani wana shida yao ya pekee. Mchanga unaopeperushwa huwasugua. Aliyeruka usiku kadhaa huwa amepoteza magamba mengi, na nondo aliyekuwa na michirizi hafifu huonekana mweupe mtupu. Kwa hiyo fundi hukusanya wengi wa aina moja, akaweka wapya na wachakavu pamoja, ili ajue weupe upi ni wa kuzaliwa na upi ni wa kuchakaa. Wala weupe wa kuzaliwa hautoshi kumtangaza nondo kuwa spishi mpya. Inawezekana akawa ni spishi ya zamani inayojulikana, ambayo watu wake wa matutani wamepauka kidogo. Inawezekana pia akawa ametoka katika jenasi ambayo tangu hapo ina rangi ya mchanga, akafika White Sands akiwa tayari mweupe nusu. Mabawa peke yake hayawezi kutoa hukumu hiyo.

Hukumu hutafutwa tumboni. Nondo wa jamii moja wanaofanana kwa mabawa mara nyingi hutofautiana katika viungo vya uzazi, na tofauti hizo hukaa zilezile toka mdudu hadi mdudu ndani ya spishi moja. Fundi hulitenga tumbo la mdudu mkavu kwa kulisukuma kidogo kuelekea juu mpaka liachie. Hulitia katika maji yenye haidroksaidi ya potasiamu kiasi cha asilimia 10, ama ya moto kwa muda mfupi, ama ya baridi usiku kucha. Dawa hiyo hula nyama na mafuta, ikaziacha sehemu ngumu. Akizidisha muda, hata zile ngumu hulainika kupita kiasi. Akipunguza, nyama hubaki na kuficha kila kitu. Kisha, chini ya hadubini, kwa koleo zenye ncha nyembamba na brashi ya nywele chache, husafisha magamba, hutoa viungo, hugeuza, hufungua na kupanga. Vingine vina miiba midogo, vingine vina vifuko laini vilivyokunjika kwa ndani.

Hapo ndipo jina la Lafontaine linapata maana yake. Dume la nondo wa familia ya Euxoa lina kifuko laini ndani ya kiungo chake, ambacho wakati wa kujamiiana hujaa na kutoka nje. Katika mdudu mkavu kimekunjika, na watu wa zamani walikiacha kimekunjika wakachora kilichoonekana tu. Lafontaine na wenzake walisisitiza kwamba kifuko hicho kijazwe maji kwa sindano nyembamba sana mpaka kisimame katika umbo lake, kwa sababu umbo hilo hulingana na umbo la ndani la jike wa spishi yake. Mwaka 1987, pamoja na Kauri Mikkola wa Finland, alieleza ulinganifu huo kwa mfano wa kufuli na ufunguo. Fikiria mkono wa kuyasukuma maji ndani ya mfuko wa mdudu ambaye mwili wake mzima unaweza kukaa juu ya kucha yako, bila kuupasua. Ukipasuka, kielelezo kile kimekwisha, na huenda safari nzima ilileta dume mmoja tu.

Siku hizi upo msaada wa vinasaba. Mguu mmoja wa nondo hutosha. Maabara husoma kipande cha herufi 658 cha jeni moja ya kwenye mitokondria, ambayo mwaka 2003 Paul Hebert wa Canada na wenzake walipendekeza iwe kitambulisho cha wanyama. Ni msaada mkubwa, na mafundi wa White Sands wameutumia. Lakini spishi zilizoachana juzi huweza kuwa na herufi zilezile katika kipande hicho, na matuta ya White Sands yenyewe, kama nilivyosema, ni ya juzi. Mashine ikisema hawa ni wamoja na viungo vikisema ni wawili, lazima awepo mtu mezani anayejua kusoma vyote viwili na kupima kipi uzito wake ni mkubwa.

Mtu huyo akisharidhika ndipo huandika. Maandishi yenyewe ni makavu, na ukavu huo naupenda. Kichwa, vipapasio, kifua, bawa la mbele, bawa la nyuma, tumbo, dume, jike: kila sehemu inaelezwa kwa zamu, na kila neno linaweza kupimwa. Katika vielelezo vyote huchaguliwa kimoja, dume au jike, kiwe ndicho mbeba jina. Kwa sheria za kimataifa za majina ya wanyama, spishi yoyote iliyopewa jina kuanzia mwaka 2000 ni lazima itajiwe mbeba jina wake, na ielezwe atahifadhiwa wapi. Kwenye pini yake hutiwa lebo: nchi, jimbo, wilaya, latitudo na longitudo, tarehe, jina la aliyemkamata. Mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi, ili tarehe 5 mwezi wa 6 isije ikasomwa kuwa tarehe 6 mwezi wa 5 na mtu wa nchi nyingine. Kwa desturi lebo ya mbeba jina huwa nyekundu, mtu akifungua droo asipapase.

Sasa tuvuke hadi pwani ya California, kwa sababu kuna nondo wa mchangani ambaye taa isingempata hata ikawaka mwaka mzima. Kwenye matuta ya Oso Flaco, kusini mwa kaunti ya San Luis Obispo, upepo wa bahari huvuma kwa nguvu. Mwaka 1976 Jerry Powell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimweleza nondo wa hapo aliyempa jina la Areniscythris brachypteris, na kwa ajili yake akaanzisha jenasi mpya. Ni mdogo wa milimita chache tu, ana rangi ya mchanga, na mabawa yake yamefupika mpaka hawezi kuruka angani. Nondo majike wasioruka wako katika spishi nyingi duniani, lakini kwa kawaida dume huruka ili amtafute jike. Huyu wa Oso Flaco, dume na jike wote hawaruki. Hutembea mchana juu ya mchanga, huchupa kwa miguu ya nyuma kama panzi, na hujifukia mchangani. Kiwavi wake hufuma mrija wa hariri uliogandwa na chembe za mchanga, ulioshikizwa kwenye sehemu za mimea zilizofunikwa, akala humo bila kuonekana.

Mtu hampati nondo huyo ila kwa kupiga magoti. Inabidi achimbue shina la mmea wa matutani kwa vidole, aone kitu kinachofanana na mzizi mwembamba wenye mchanga, na awe na akili ya kukifungua. Powell alikuwa na akili hiyo kwa sababu kwa miongo mingi alifanya jambo ambalo wengi huliona ni la kupoteza wakati. Hakuridhika na nondo mzima aliyekuja kwenye taa. Alitafuta viwavi wao, akawalisha, akangoja wageuke, akaandika walichokula na lini walitoka. Kuna viwavi wa nondo wa mmea wa yuka, Prodoxus y-inversus, aliowakusanya Nevada wakiwa ndani ya matunda yake. Waliingia usingizini, na Powell akawatunza. Mwaka 2001 alichapisha taarifa kwamba wengine walikuwa wamegeuka nondo baada ya miaka 20, wengine 25, na wengine 30. Hakuna aliyemwahidi kwamba watatoka. Angeweza kuyatupa yale matunda makavu mwaka wa tatu au wa nne, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuyatupa, na ndiyo sababu tunajua mdudu anaweza kulala miongo mitatu kisha akaamka.

Jenasi aliyoianzisha Powell kwa ajili ya mdudu wa pwani haikubaki kwa mmoja. Mwaka 2014 Metzler na David Lightfoot walieleza mwingine, Areniscythris whitesands, kutoka matuta ya jasi yasiyo na bahari karibu. Tazama inavyokwenda kazi hii. Mtu mmoja alipasua, akachora na akaandika kwa ukamilifu mwaka 1976, na miaka 38 baadaye watu wengine, katika jangwa la jimbo jingine, walimtambua mdudu wao kwa kupitia maandishi yale. Kama ya mwanzo yangefanywa kwa haraka, ya pili yasingepata mahali pa kushika.

Najua wapo watakaouliza kama ni haki kumuua mdudu ili kumjua. Ni swali la haki, na mafundi hawa hawalikwepi. Hufanya kazi kwa kibali, huchukua idadi ndogo, na nondo ni kiumbe ambaye jike mmoja huweza kutaga mayai kwa mamia, wengi wa watoto wake wakaliwa kabla ya kukomaa. Nondo wa matuta huangamizwa na jambo jingine kabisa: tuta lake linapokanyagwa na magari, linapopandwa nyasi za kigeni ili litulie, au maji ya chini yanapovutwa mpaka mchanga unakosa unyevu wa kuushika. White Sands hukaa mahali pake kwa sababu maji yako karibu na uso wa ardhi. Huwezi kumtetea mbele ya mamlaka yoyote mdudu asiye na jina. Mwenye jina, maelezo na kielelezo, unaweza.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya karibu ya kuuthamini ufundi huu. Nondo wa jenasi ya Euxoa aliyepewa jina la Lafontaine ni wa familia moja na sota, yule kiwavi anayekata miche ya nyanya na kabichi usiku, mkulima akaikuta imelala asubuhi. Ni familia hiyohiyo ya viwavijeshi. Mwaka 2016 ilithibitishwa kwamba kiwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika, Spodoptera frugiperda, amefika Afrika Magharibi, na mwaka 2017 alithibitishwa Kenya na Tanzania. Mwanzoni wakulima wengi walimchanganya na kiwavijeshi wa Afrika waliyemzoea, na wengine na funza wa mabua. Kosa hilo lilikuwa na gharama. Kiwavijeshi wa Afrika huja kwa makundi, hula majani waziwazi na hupita. Huyu mgeni huingia moyoni mwa mhindi, dawa inayopulizwa juu juu haimfikii, na hukaa msimu baada ya msimu. Ndipo maofisa ugani walipozunguka na mabango wakiwafundisha watu watazame mstari wenye umbo la Y iliyopinduliwa usoni mwa kiwavi, na vidoa vinne vilivyopangwa mraba karibu na mkia. Alama hizo hazikuokotwa. Ziligunduliwa na watu waliokaa mezani na vielelezo, wakalinganisha, wakaandika, zamani kabla mdudu hajatufikia.

Kwa hiyo sikubali kauli kwamba kazi hii ni ya kupenda vitu vidogo tu, wala kwamba mashine zitaimaliza. Mashine ya vinasaba husoma herufi, lakini jina ambalo herufi hizo hulinganishwa nalo liliwekwa na mtu mwenye koleo mkononi. Simu inayotambua picha ya mdudu ilifundishwa kwa picha ambazo kwanza mtu alizipa majina. Akikosekana mtu huyo, vyote hivyo hurudia makosa ya jana kwa kasi zaidi.

Afrika Mashariki tunayo makusanyo ya wadudu, ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yakiwa miongoni mwa makubwa, na tunavyo vyuo vya kilimo vyenye hadubini. Vifaa vya kazi si vya bei ya kutisha: shuka, taa, pini, ubao, karatasi, daftari. Kilicho adimu ni muda, na mtu wa kumfundisha mwingine kwa mkono. Ufundi huu hausomwi kitabuni peke yake. Lazima uone kidole cha mwenzio kinavyotulia kabla ya kuligusa bawa. Basi wenye vyuo na makumbusho yetu wasikubali meza hizi zibaki tupu wazee wanapostaafu. Wamketishe kijana kando ya fundi mapema, wampe kibarua cha kudumu kisicho cha mradi wa miezi sita, na wamwache arudi mahali pamoja mwaka baada ya mwaka mpaka ajue kilichopo.